Saa za Baada ya Kifafa: Mwili, Kumbukumbu na Aibu

Mafunzo mengi yanayotolewa kuhusu kifafa, yawe ya shuleni, ya zahanati au ya redioni, huishia pale mtukutiko unapokoma. Tumefundishwa kumwondolea mgonjwa vitu vyenye ncha kali, kumlaza ubavu, kutomtia kijiko mdomoni, kutomnusisha kitunguu wala kiberiti, na kutazama saa ili akimbizwe hospitali iwapo mtukutiko utapita dakika 5. Mafunzo hayo ni sahihi na yameokoa watu wengi. Hata hivyo, mtukutiko wenyewe kwa kawaida hudumu dakika 1 hadi 3 tu. Yale yanayofuata hudumu saa nyingi, pengine siku kadhaa, na mara nyingi mgonjwa huyapitia akiwa peke yake, kwa sababu waliomzunguka huona kwamba kazi imekwisha na kutawanyika. Makala haya yanahusu muda huo.

Mwili baada ya tukio

Wakati wa tukio la kifafa linalohusisha mwili mzima, makundi makubwa ya seli za ubongo hutoa umeme kwa pamoja na bila mpangilio wa kawaida. Tukio linapokwisha, ubongo haurejei katika hali yake papo hapo. Kipimo cha umeme wa ubongo kikichukuliwa wakati huo huonyesha mawimbi yaliyofifia, kisha mawimbi ya polepole, kabla ya mdundo wa kawaida kurudi. Kwa nje tunaona hali hiyo kama usingizi mzito wenye kukoroma, ukifuatwa na mkanganyiko, kisha fahamu inayorudi hatua kwa hatua. Kwa wagonjwa wengi hali hii huchukua kati ya dakika 5 na 30. Kwa wazee, kwa wenye maradhi mengine ya ubongo na kwa waliopata matukio mfululizo, huweza kuchukua saa nyingi.

Misuli nayo imekazana kwa nguvu ambayo hakuna mtu awezaye kuitoa kwa hiari yake. Ndiyo maana mgonjwa huamka akihisi kama aliyelima shamba zima kwa siku moja. Mgongo, mapaja na taya huuma kwa siku 1 au 2 au zaidi, na kichwa hugonga. Parasetamoli, maji ya kutosha na usingizi huwatosha wengi. Hata hivyo, mkojo ukiwa mweusi au mwekundu kama chai isiyo na maziwa, ni dalili kwamba misuli imeumia kiasi cha kuzihatarisha figo, na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wahudumu wenzangu nasisitiza jambo moja linalosahaulika. Mgonjwa aliyetoka kwenye kifafa apimwe mwili mzima, si kichwa peke yake. Tazameni pembeni mwa ulimi, mashavu kwa ndani, uti wa mgongo na nyayo. Mpeni nafasi ya kuinua mikono yote miwili. Bega huweza kuteguka kwa nyuma wakati wa mtukutiko, na teguko la namna hiyo hupita bila kuonekana kwenye picha ya eksirei iliyopigwa kwa mbele tu. Mgonjwa anayesema kwa wiki 2 kwamba hawezi kuuzungusha mkono wake kwa nje, huku akiambiwa kuwa ni uchovu wa misuli, anastahili picha ya pili iliyopigwa kwa upande.

Kuna pia wanaoamka wakiwa na udhaifu wa mkono na mguu wa upande mmoja. Daktari Robert Bentley Todd wa London aliieleza hali hiyo mwaka 1849, na hadi leo hubeba jina lake. Kwa kawaida udhaifu huo huisha wenyewe ndani ya saa chache, na mara chache huendelea hadi siku ya pili. Familia inayomjua mgonjwa wake, na iliyokwisha kuona hali hiyo ikija na kuondoka, haina haja ya kuingiwa na hofu kubwa. Ila udhaifu ukitokea kwa mara ya kwanza, uchukuliwe kama kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vivyo hivyo kwa mjamzito aliyevuka wiki 20: asihesabiwe kuwa na kifafa cha kawaida kabla ya kupimwa shinikizo la damu na mkojo, kwa maana kifafa cha mimba kina tiba yake na hakingojei. Na kwa mgonjwa yeyote anayechelewa kuzinduka, sukari ya damu ipimwe kwanza, kisha malaria na homa ya uti wa mgongo zifikiriwe.

Maji, chakula na vidonge visitolewe mpaka mgonjwa awe ameketi, anaitika jina lake, na ameweza kumeza funda moja bila kupaliwa. Akilala, alale ubavu na mtu akae karibu naye. Sababu yake si faraja tu. Kati ya watu wazima 1,000 wenye kifafa, takriban mmoja kila mwaka hufariki ghafla bila chanzo kingine kuonekana, na mara nyingi ni usiku, baada ya mtukutiko wa mwili mzima, akiwa amelala kifudifudi bila mtu wa kumgeuza. Baadhi ya wenzangu huona kwamba kuwaeleza wagonjwa jambo hili ni kuwatisha. Mimi huwaeleza, kwa sababu kinga yake inaeleweka na iko mikononi mwao: dawa isikatizwe, na asilale peke yake mwenye matukio ya usiku.

Mkanganyiko si jini

Katika dakika za mkanganyiko mgonjwa huweza kusimama, kutembea, kuvua nguo, kutamka maneno yasiyo na mpangilio, au kumsukuma anayemshika. Hapa ndipo familia nyingi husema kwamba aliyezungumza si yeye. Sijapata faida yoyote kwa kubishana na familia juu ya jambo hilo. Nimepata faida kwa kuwaomba waandike: alianza saa ngapi, alisema nini, alitulia saa ngapi, na ikiwezekana wapige video kwa simu, kwa staha, kwa ajili ya daktari tu. Baada ya matukio 3 au 4 wao wenyewe huona kwamba maneno yanarudi yale yale, muda ni ule ule, na kwamba fujo huzidi pale watu 4 wanapomkandamiza. Asishikwe kwa nguvu. Afungiwe njia ya kuelekea barabarani, motoni au kisimani, na mtu mmoja tu azungumze naye, kwa sauti ya chini, akimtaja jina.

Hali nyingine hufanana na hiyo lakini si hiyo. Mgonjwa aliyepata matukio kadhaa mfululizo hurudiwa na fahamu, akala, akaongea vizuri, na ndugu wakashukuru. Kisha siku ya pili, ya tatu, hata ndani ya wiki, anaacha kulala, anashuku watu, anasikia sauti, au anatangaza ujumbe mzito wa dini. Kipindi kile cha utulivu katikati huwapotosha wengi, hata baadhi ya wahudumu, kwa kudhani kwamba huu ni ugonjwa mpya. Ni matokeo ya kifafa kile kile, unatibika, na mgonjwa anahitaji hospitali haraka kwa sababu huweza kujidhuru au kumdhuru mwingine.

Tukio ambalo wote wameliona isipokuwa yeye

Kifafa kina jambo lisilopatikana katika maradhi mengine mengi. Sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu huwa zimevurugwa, kwa hiyo mgonjwa hakumbuki. Waliokuwapo wote wanakumbuka. Anaamka katikati ya nyuso zinazojua jambo asilolijua, naye hulazimika kulisoma kwenye macho yao.

Mwanamke mmoja niliyemhudumia, fundi cherehani, aliniruhusu kusimulia kisa chake bila kumtambulisha. Aliangukia kibandani pake mbele ya wateja. Alipozinduka alijikuta amelala kwenye mkeka, amefungwa kanga isiyo yake. Hakuuliza, na hakuna aliyemweleza. Siku iliyofuata hakwenda kazini, wala wiki iliyofuata. Alipokuja kliniki, sisi tulimuuliza kuhusu vidonge, usingizi na homa. Alijibu yote vizuri. Alipokaribia mlango ndipo alipogeuka na kumuuliza muuguzi wetu, mama mtu mzima: “Samahani mama, ninyi mnaweza kujua ni nani aliyenivua nguo?”

Muuguzi akamjibu, “Hatujui, mwanangu. Lakini yupo anayejua, na tutamuuliza pamoja ukipenda.”

Ikabainika kwamba jirani yake, mama lishe, ndiye aliyewatoa wanaume wote nje, akaufunga mlango kwa ubao, akambadilisha nguo zilizolowa mkojo na kumfunga kanga yake mwenyewe. Hakusema lolote kwa kuogopa kumwaibisha. Yule fundi amerudi kazini, ingawa ameihamisha cherehani kutoka mlangoni na kuiweka ukutani, na mpaka leo hapendi kuulizwa kuhusu siku ile.

Kwa sababu hiyo, nashauri kwamba mwenye kifafa achague mapema, akiwa mzima, mtu mmoja nyumbani na mmoja kazini au shuleni watakaomweleza ukweli kila anapozinduka. Aelezwe mara moja, kwa ufupi, akiwa amekwisha kupata fahamu kamili: ulianguka, ilichukua dakika 2, ulijikojolea, nilikufunika, waliokuwapo ni fulani na fulani. Kunyamaza kwa huruma humwacha abuni mabaya kuliko yaliyotokea. Na mkoba wa kazini uwe na kanga au nguo ya akiba.

Kuhusu huzuni inayofuata, tutofautishe mambo mawili. Kuna uzito wa moyo, kulia bila sababu na woga unaokuja saa chache baada ya tukio na kuondoka ndani ya siku chache. Huo ni sehemu ya ubongo kujirudi, na mara nyingi mgonjwa hutulia kwa kujua tu kwamba una mwisho. Kuna pia sonona, ambayo haiondoki. Takriban mtu mmoja kati ya wanne wanaoishi na kifafa huwa nayo, na hatari ya kujiua huwa juu kuliko kwa watu wengine. Mhudumu aulize wazi wazi: je, umewahi kufikiri kwamba ni afadhali kufa? Swali hilo halipandikizi wazo jipya. Sonona ya mwenye kifafa inatibika kwa mazungumzo na kwa dawa, na dawa nyingi za sonona zinaweza kutumika bila kuharibu tiba ya kifafa, mradi daktari awe amezichagua.

Aibu, kwa upande wake, haitoki kwenye ubongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alifanya kazi Mahenge, mkoani Morogoro, na kuanzisha huko kliniki ya kifafa. Aliandika jinsi wagonjwa walivyotengewa vyombo vya kulia, na jinsi wengine walivyoungua vibaya motoni kwa sababu watu waliogopa kuwagusa, wakiamini kwamba povu na hewa ya mgonjwa huambukiza. Baadaye utafiti ulihusisha wingi wa kifafa katika eneo hilo na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wa kwenye mito iendayo kasi. Inzi huambukiza usubi. Mtu aliyeanguka hamwambukizi mtu chochote, si kwa mate, si kwa mkojo, si kwa kushikwa mkono. Bado nahudumia makovu ya moto wa mafiga, mengine ya miaka hii hii.

Kurudi kazini, jikoni na darasani

Mtoto aliyeanguka darasani, akalala nusu saa na kuamka vizuri, anaweza kuendelea na masomo siku ile ile. Kumrudisha nyumbani kila mara humfundisha yeye na wenzake kwamba mahali pake si pale. Mtu mzima apumzike siku hiyo, na ikimlazimu, siku inayofuata. Akipumzika wiki 3, mara nyingi kinachomzuia ni hofu, na hofu izungumzwe kama hofu.

Yapo mambo ya kuacha au kubadili: kuendesha bodaboda na gari mpaka daktari aridhie, kukwea minazi, kuvua samaki peke yake. Jiko liinuliwe kutoka sakafuni, aoge kwa ndoo mlango ukiwa haujafungwa kwa komeo, na kitanda kiwe kifupi. Maisha yaliyosalia yabaki kuwa yake.

Kila tukio pia huulizwa sababu. Mara nyingi kabisa ni dozi iliyorukwa, na mara nyingi dozi hurukwa kwa kuishiwa nauli au kwa dawa kutopatikana, si kwa uzembe, kwa hiyo swali liulizwe bila lawama. Kukosa usingizi, pombe na homa hufuata. Mwezi wa Ramadhani hukusanya mengi kati ya hayo: saa za dozi hubadilika, na usingizi hukatizwa kwa ajili ya daku. Anayetaka kufunga aje kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili tuone kama dawa yake inaweza kupangwa upya, na kama haiwezi tumweleze hivyo kabla hajaanza. Asiisogeze dozi mwenyewe, wala asiiache ghafla, hata akiwa hajaanguka kwa mwaka mzima. Dawa mpya za kifua kikuu, za virusi vya UKIMWI au za uzazi wa mpango nazo zitajwe, kwa kuwa zinaweza kudhoofisha dawa za kifafa au kudhoofishwa nazo.

Mwisho, namwomba mhudumu amtazame pia aliyemsindikiza mgonjwa. Mara nyingi ni mama ambaye tangu tukio lile hulala nusu usingizi, mkono wake ukiwa kifuani mwa mwanawe akisikiliza pumzi. Apewe kiti, aulizwe analala saa ngapi, na papatikane ndugu mwingine wa kushika zamu ya usiku angalau mara 2 kwa wiki.