Presha si ya wazee pekee: mpime mtoto wako

Nyumba nyingi hapa Kitale na kwa majirani zetu wa Bungoma zina nyanya au babu anayemeza dawa ya presha kila siku. Ni wachache wanaojua kwamba mjukuu pia anaweza kuwa nayo. Shinikizo la damu kwa watoto na vijana kwa kawaida halina maumivu. Njia ya kulitambua ni kupima.

Presha hudhibitiwa vipi?

Moyo unaposukuma damu, damu hiyo hukandamiza kuta za mishipa. Nguvu hiyo ndiyo presha. Moyo hubadilisha kasi ya mapigo, mishipa hupanuka au kubana, nazo figo huamua chumvi na maji kiasi gani yabaki mwilini. Mpangilio huo ukiharibika, presha hupanda. Ikikaa juu kwa miaka mingi, huchosha moyo, huharibu figo na macho, na huweza kuleta kiharusi ukubwani.

Chanzo ni nini?

Kwa mtoto mdogo, mara nyingi chanzo ni ugonjwa mwingine, hasa wa figo. Maambukizi ya koo au vidonda vya ngozi vinaweza kuathiri figo wiki moja hadi chache baadaye. Ukiona uso wa mtoto umevimba asubuhi na mkojo wake umepungua au una rangi ya strungi, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Kwa vijana, sababu kubwa ni uzito kupita kiasi, chumvi nyingi, kukaa bila mazoezi na historia ya familia.

Kipimo sahihi

Mtoto apimwe mara moja kwa mwaka kuanzia umri wa miaka 3. Aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye ugonjwa wa figo au moyo huanza mapema zaidi.

• Chini ya miaka 13: hakuna nambari moja ya watoto wote. Mhudumu hulinganisha kipimo na umri, jinsia na urefu wa mtoto.
• Miaka 13 na zaidi: chini ya 120/80 ni kawaida, 130/80 au zaidi ni juu. Kilicho katikati kinahitaji kufuatiliwa.

Mtoto akae ametulia dakika 5 kabla ya kupimwa. Mkanda wa mkononi uwe wa saizi yake: ukiwa mdogo mno, kipimo hupanda bila sababu, ukiwa mkubwa mno, huficha tatizo. Kipimo kimoja hakitoshi. Daktari huthibitisha baada ya kupima siku tatu tofauti.

Uende wapi?

Anzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Tangu 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa vifaa vya kupimia presha; waulize, lakini hakikisha mkanda unamfaa mtoto. Anayehitaji uchunguzi zaidi hutumwa hospitali ya rufaa, kama ile ya Wamalwa Kijana mjini Kitale au ya Kaunti ya Bungoma.

Nyumbani

• Punguza chumvi, viungo vya pakiti, na magadi kwenye mrenda na maharagwe.
• Chipsi, krispi na soda visiwe chakula cha kila siku. Sukuma wiki, managu, ndizi na maparachichi tunavyo.
• Mtoto acheze, akimbie au atembee angalau dakika 60 kwa siku, na alale vya kutosha.
• Usimpe mtoto vidonge vya presha vya nyanya. Dawa na kiasi chake huamuliwa na daktari, na zikishaanza zisikatizwe bila ushauri wake.

Mtoto akipata degedege, maumivu makali ya kichwa pamoja na kutapika, ukungu machoni au shida ya kupumua, usingoje kesho.

Mkienda kliniki tena, hata kama ni kwa homa tu, uliza: “Mtoto wangu amepimwa presha?”