Pale Ramani Ilipobaki Tupu

Mwaka 1961 madaktari watatu waliondoka Kampala kwa gari la Ford lililokwisha kuchoka, wakashika njia ya kusini mpaka Afrika Kusini na kurudi, safari ya karibu kilomita 16,000. Aliyewaongoza alikuwa Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, aliyekuwa akifuatilia saratani iliyovimbisha mataya ya watoto na kuwaua kwa kasi ya kutisha. Katika kila hospitali, na walipita zaidi ya 50, walitoa picha za wagonjwa na kuuliza kama uvimbe wa namna hiyo umewahi kuonekana hapo. Jibu la ndiyo liliwafaa, lakini jibu la hapana liliwafaa zaidi. Barua alizokwisha kuandikia hospitali nyingi zilimwezesha Burkitt kuchora mkanda mpana wa ugonjwa uliokatisha katikati ya Afrika, na mkia wake ukiteremka pwani ya Msumbiji. Alichotaka sasa ni kujua mkanda huo unaishia wapi, na kwa nini.

Ukingo ulipopatikana, ulikuwa na tabia yake. Karibu na ikweta, watoto wa maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 hivi hawakuugua. Kadiri timu ilivyokwenda kusini, kimo hicho kilizidi kushuka. Hapo ndipo ilipobainika kwamba mwinuko wenyewe haukuwa na neno. Joto ndilo lililohesabika, pamoja na mvua. Na mahali penye joto na mvua ya kutosha ni makazi ya mbu. Hakuna darubini wala maabara iliyotumika kufika hapo. Mtu anayeitazama ramani kama picha ya mambo yaliyokwisha kujulikana atashangaa, lakini watafiti wa fani nyingi wameitumia kama chombo cha kazi. Nguvu ya chombo hicho, kwa maoni yangu, haiko sana kwenye alama zilizojazana. Iko pale alama zinapokatika ghafla, au zinapokosekana mahali zilipotarajiwa.

Wapo watakaopinga kwamba ramani haithibitishi chanzo, na wana haki. William Farr, mtaalamu wa takwimu wa serikali ya Uingereza, alichunguza kipindupindu kilichoikumba London mwaka 1848 na 1849, akaona kwamba vifo vilipungua kwa utaratibu kadiri mtaa ulivyokuwa juu. Aliamini kwamba hewa mbaya ya bondeni ndiyo iliyoua. Takwimu zake zilikuwa sahihi, maelezo yake yakawa siyo: wakazi wengi wa mabondeni walikunywa maji ya mto Thames yaliyochanganyika na uchafu wa vyoo. Burkitt naye hakuepuka mtego huo kabisa. Alidhani mbu hubeba kirusi kinacholeta saratani. Mtafiti Michael Epstein, aliyemsikiliza akihutubia London mwaka 1961, aliomba vipande vya uvimbe kutoka Uganda, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kwamba wamekiona kirusi kwa darubini ya elektroni. Lakini kirusi hicho huenea kwa mate, na watu wengi duniani wanacho. Mbu alikuwa akileta malaria, ambayo ikimrudia mtoto mara kwa mara hudhoofisha kinga inayokidhibiti. Kwa hiyo pingamizi ni la kweli, ila halivunji hoja. Ramani ilimwonesha mtafiti pa kuchimba. Kilichochimbuliwa kilihitaji zana nyingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ramani maarufu ya daktari John Snow, ya vifo vya kipindupindu kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street, London, mwaka 1854, haikumfunulia siri yoyote. Alikuwa ameandika tangu 1849 kwamba ugonjwa hupitia kwenye maji, na ramani aliichapisha baada ya mpini wa pampu kuondolewa na mlipuko kwisha kupungua. Je, si pambo la kushawishi tu? Ingekuwa hivyo kama ingeonesha rundo la vifo peke yake, kwani hata mtetezi wa hewa mbaya angelitumia rundo hilo. Kilichombana ni nafasi tupu ndani ya rundo. Nyumba ya maskini yenye watu 535 ilizungukwa na vifo, lakini ikapoteza watu 5 tu. Ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani walinusurika. Walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima pia. Hewa ya mtaa ilikuwa moja kwa wote.

Fani nyingine nazo zimeitumia ramani kama chombo cha kazi. Alfred Sturtevant, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, alipanga jeni za inzi wa matunda kwenye mstari mmoja, akapima umbali kwa kuangalia tabia mbili za kurithi hutengana mara ngapi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1913. Chuoni hapohapo, mwaka 1952, Marie Tharp alichora sakafu ya Atlantiki kwa vipimo vya meli ambazo wanawake hawakuruhusiwa kuzipanda. Aliona bonde refu juu ya milima ya katikati ya bahari. Mwenzake Bruce Heezen aliyaita maneno yake porojo za kike, hadi ramani ya matetemeko, iliyochorwa kwa kipimo kilekile, ilipowekwa juu ya ile ya Tharp na matetemeko yakaangukia ndani ya bonde. Baadaye waliunganisha mfumo huo, kupitia Ghuba ya Aden, na Bonde la Ufa letu la Afrika Mashariki.

Kinachonitia shaka ni ramani za leo. Kompyuta hukadiria malaria kati ya vijiji vilivyopimwa, kisha hupaka rangi nchi nzima bila kuacha pengo. Makadirio hayo yana faida kwa anayegawa vyandarua, lakini kijiji ambacho hakuna aliyewahi kukipima hupata rangi ileile nzuri kama kilichopimwa mwaka jana. Watafiti makini huambatisha ramani ya pili, inayoonesha wana uhakika kiasi gani kwa kila eneo. Hiyo mara nyingi hubaki kwenye majarida ya kitaalamu. Inayofika kwenye meza za wakubwa na kurasa za magazeti ni ile ya kwanza.