Wi-Fi bila mega: kupanga mtandao wa ofisi ndogo Butembo na Beni

Mteja amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye printa, hati yake imo ndani ya simu. Mwenye kibanda anamwambia, "Nitumie kwa WhatsApp." Hati inasafiri hadi kwenye seva zilizo nje ya Kongo, kisha inarudi kwenye kompyuta iliyo mezani palepale. Mteja amelipia mega za kuituma, mwenye kibanda amelipia mega za kuipokea, na mtandao wa simu ukiwa mzito wote wawili wanakaa wakisubiri. Haya yanatokea kila siku Butembo na Beni, na chanzo chake ni imani moja iliyoenea: kwamba pasipo intaneti hakuna Wi-Fi.

Sivyo. Rauta ikipata umeme inaunganisha simu, kompyuta na printa zilizo karibu nayo, hata kama haina laini ya Airtel, Orange wala Vodacom. Kuchapa kwa njia hiyo hakuli mega. Utazihitaji mara moja tu, siku ya kupakua programu ya printa kwenye simu. Kwa hiyo kuna gharama mbili. Mtandao wa ndani unalipiwa mara moja, intaneti inalipiwa kila wiki au kila mwezi. Wengi huanza na intaneti, fedha zikaisha kabla ya kufikia mtandao wa ndani, ambao ndio ungewapunguzia matumizi.

Beni jambo hili lina uzito zaidi sasa. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uongozi wa Kivu ya Kaskazini ulihamia Beni. Ofisi zinazohamia huhitaji majengo, na nyumba ya kupanga inapogeuzwa ofisi, swali la kwanza huwa ni printa ikae chumba gani na nani aifikie.

Lakini kabla ya kuuliza bei dukani, uliza wati. Huku umeme wa bwawa la Inga haufiki. Wapo wanaopata umeme wa maji wa papa hapa, kama ule wa Virunga Energies ulioanzia Mutwanga mwaka 2013, na wapo wanaotegemea sola na jenereta. Chukua betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwa hesabu ina wati-saa 1,200, ila ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Rauta ndogo kama TP-Link TL-WR840N, ambayo adapta yake ni ya volti 9 na ampea 0.6, haifikishi wati 6. Ikiwaka usiku na mchana inakula wati-saa 130 hivi. Dishi la kawaida la Starlink, intaneti ya setilaiti, linakula wati 75 hadi 100, kwa hiyo saa nane za kazi zinaimaliza ile nusu yote. Starlink Mini, kwa wati 25 hadi 40, inakubakizia cha kuwashia taa na kompyuta moja.

Kwenye printa tofauti ni kubwa zaidi. Epson L3250, ya wino wa kumimina, inatumia wati 12 hivi ikichapa. HP Laser 107w, ya leza, inatumia zaidi ya wati 300, na kila inapopasha moto huvuta zaidi kwa ghafla. Inveta ndogo italia, kisha itazima. Mwenye sola pekee asinunue leza, hata akiuziwa kwa bei ya kutupa.

Kwenye bei, usiishie kwenye bei ya mashine. Mwulize muuzaji bei ya wino, kisha igawanye kwa idadi ya kurasa. Chupa ya wino mweusi ya L3250 imekadiriwa na kiwanda kurasa 4,500, na toner, yaani wino wa unga, ya 107w kurasa 1,000. Tuseme umetajiwa dola 15 kwa chupa na dola 40 kwa toner: ukurasa wa wino haufiki nusu senti, ule wa leza ni senti nne. Bei utakazokuta zitakuwa nyingine, maana mzigo unaopandishwa kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Kasindi hubadilika bei kadiri njia inavyobadilika, lakini njia ya kukokotoa ni hiyohiyo. Nazo zile printa za bei nafuu zenye katriji ndogo za wino, ambazo huonekana rahisi siku ya kununua, ndizo ghali kuliko zote baada ya miezi michache.

Hata hivyo leza ina sifa moja ambayo kwa mji wenye mvua kama Butembo siwezi kuipita. Karatasi iliyochapwa kwa wino ikinyeshewa, maandishi yanasambaa, na jina la mwanafunzi kwenye barua ya shule linakuwa doa la buluu. Ya leza haiyeyuki. Isitoshe, printa ya wino ikilala wiki kadhaa bila kazi, hasa kwenye joto na vumbi la Beni, vitundu vyake huziba. Ofisi inayotoa hati za kuhifadhiwa miaka, nayo ina umeme wa uhakika, inunue leza na isijutie wati zake.

Ukifika dukani soma jina lote la mashine, hadi herufi ya mwisho. HP 107a na 107w zinafanana kwa sura, lakini yenye w ndiyo yenye Wi-Fi. Epson L3210 hupokea kwa waya wa USB tu, L3250 ina Wi-Fi. Umbo ni lile lile na boksi linakaribia kufanana. Ukiwa tayari na printa ya waya, usiitupe: iunganishe na kompyuta moja, iruhusu kompyuta nyingine ziitumie kupitia rauta. Hasara yake ni kwamba kompyuta hiyo lazima iwe inawaka kila anapotaka mtu kuchapa. Mtu anayefanya kazi peke yake hata rauta haihitaji, kwa sababu printa nyingi za Wi-Fi huweza kuongea na simu moja kwa moja.

Lawama kubwa kwa printa za Wi-Fi ni kwamba "leo inaonekana, kesho haionekani." Mara nyingi kosa si la mashine. Umeme ukikatika na kurudi, rauta hugawa namba za anwani upya. Printa inapata namba mpya huku kompyuta ikiitafuta kwenye namba ya jana. Dawa yake haina gharama: ingia kwenye mipangilio ya rauta uitengee printa namba yake ya kudumu. Mwambie fundi alifanye hilo mbele yako kabla hujamlipa, na abadilishe pia nywila iliyotoka kiwandani. Kama ofisi ina kuta nene, vuta waya wa mtandao hadi chumba cha mbali. Waya wa shaba tupu hubeba vizuri hadi mita 100, ila sokoni upo mwingi wa alumini iliyopakwa shaba. Ukwangue kwa wembe, ukiona weupe ndani uuache.

Kuhusu Starlink, ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, iliipiga marufuku Machi 2024, ikaipa leseni Mei 2025. Kabla ya kulipa, hakikisha akaunti imesajiliwa Kongo, maana kifaa kilichofunguliwa nchi nyingine kinaweza kukatwa.

Kwa ofisi ya watu watatu au wanne yenye sola, hukumu yangu ni hii: printa ya wino wa kumimina yenye Wi-Fi, rauta ndogo, na betri ya akiba ya rauta. Intaneti ianzie kwenye simu ya mkubwa wa ofisi, na dishi lingoje hadi kazi yenyewe iweze kulilipia.