Kulala Kwenye Mabanda ya Milima ya Aberdare: Mambo ya Kupanga Kabla ya Safari

Wakazi wengi wa Kaunti ya Nyeri huiona Milima ya Aberdare kila asubuhi wanapofungua mlango. Mito inayotunywesha na kunywesha mashamba yetu huanzia huko. Hata hivyo, ni wachache kati yetu waliowahi kulala usiku mmoja ndani ya mbuga. Wengi hudhani ni mahali pa watalii wa kigeni na hoteli za bei ya juu. Sivyo. Ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare kuna mabanda ya kujipikia ambayo familia, chama au kundi la vijana linaweza kukodi na kugawana gharama. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga safari hiyo na kurudi nyumbani salama.

Milima yenye historia yetu

Mbuga hii ilitangazwa rasmi mwaka wa 1950 na ina ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 766. Kilele chake kirefu zaidi, Ol Donyo Lesatima, kina urefu wa takriban mita 4,000. Jina Aberdare lilitolewa na msafiri Joseph Thomson katika miaka ya 1880, kwa heshima ya bwana mmoja wa Uingereza. Wenyeji walikuwa na jina lao tangu kale: Nyandarua, linalohusishwa na umbo la ngozi iliyowambwa ikauke.

Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 20, 1952, msitu huu ulikuwa makao ya wapiganaji wa Mau Mau chini ya Dedan Kimathi. Ndege za Uingereza ziliurushia mabomu, na wanakijiji wakalazimishwa kuchimba mtaro pembezoni mwa msitu ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956 alipotoka msituni, akanyongwa Februari 18, 1957. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal, aliishi msituni hadi 1963.

Hoteli ya Treetops, ambako Elizabeth alikuwa amelala usiku ambao baba yake alifariki naye akawa malkia, Februari 1952, ilichomwa na wapiganaji mwaka wa 1954 na kujengwa upya baadaye. Ukienda na watoto, wasimulie habari hizi mkiwa njiani. Kama kuna mzee katika familia anayekumbuka miaka hiyo, mketi naye kabla ya safari.

Wakati wa kwenda

Miezi ya Januari na Februari ndiyo mikavu zaidi, na mandhari huonekana vizuri. Julai hadi Septemba mvua hupungua, ingawa ukungu na baridi huwa vingi. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hugeuza barabara za ndani kuwa matope, na nyingine hufungwa. Likizo ya Aprili ya shule huangukia katika mvua ndefu. Ikiwa unaweza kuchagua, ngojea Agosti.

Mahali pa kulala

Mabanda ya ndani ya mbuga husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Yanayojulikana zaidi ni haya:

- Fishing Lodge, lenye nyumba mbili katika nyanda za juu. Linafaa familia kubwa au kundi, na liko karibu na mito yenye samaki aina ya trauti. Kuvua kunahitaji leseni.
- Tusk Camp, upande wa Geti la Ruhuruini, katika eneo la msitu.
- Sapper Hut, banda dogo na la kawaida kabisa kando ya maporomoko ya maji. Linafaa watu wawili.

Uliza mapema ni vitanda vingapi vilivyopo, kama kuna matandiko, vyombo vya jikoni, taa na kuni. Usidhani kuna umeme. Wikendi na sikukuu nafasi huisha haraka.

Malipo

Malipo ya KWS hufanywa kupitia eCitizen. Getini hapapokelewi pesa taslimu. Hesabu yako iwe na ada ya kuingia kwa kila mtu, ada ya gari, kodi ya banda, askari wa kuwasindikiza mkitembea kwa miguu, mafuta na chakula. Ada hubadilika, kwa hivyo angalia viwango vya sasa kabla ya kuchangisha. Beba kitambulisho, na kwa watoto nakala ya cheti cha kuzaliwa, kwa sababu raia hutozwa chini kuliko mgeni. Usimtumie mtu yeyote pesa kwa nambari yake binafsi ya simu eti akuwekee banda.

Barabara na gari

Wakazi wa Nyeri wanaweza kuingia kupitia Ruhuruini au Kiandongoro. Wanaotoka upande wa Nyandarua na Naivasha hutumia Mutubio. Barabara za ndani zina miteremko mikali na utelezi, hivyo unahitaji gari linalovutwa na magurudumu yote manne. Gari dogo la kawaida likikwama huko jioni, mtalala ndani yake. Jaza tangi kabla ya kuondoka mjini, kwani ndani hakuna kituo cha mafuta. Mageti hufungwa jioni. Panga kufika mchana. Sehemu nyingi hazina mtandao wa simu, kwa hivyo mwachie mtu nyumbani jina la banda, geti mtakalotumia na siku ya kurudi.

Baridi, na hatari ya jiko

Joto hushuka kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Nyeri uko kwenye mita 1,750 hivi, na nyanda za juu za mbuga ziko kwenye mita 3,000 na zaidi. Usiku wa baridi huko, umande huganda. Beba blanketi nzito, kofia, soksi za sufu na koti la mvua.

Baridi hii ndiyo huwafanya watu kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Usifanye hivyo kamwe. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Jiko likae nje. Ota moto kwenye meko yenye dohani pekee, na uuzime kabla ya kulala.

Anayepanda kuelekea kileleni akiumwa na kichwa, kutapika au kuyumba, ashuke mara moja. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au mimba amwone daktari kwanza.

Wanyama, moto na taka

Tembo, nyati, fisi na chui huzunguka karibu na mabanda. Usitoke nje gizani bila sababu, na usitembee mbali bila askari. Ukitaka kuona maporomoko ya Karuru, yanayoshuka mita 273 kwa hatua tatu, kaa nyuma ya uzio, kwani mawe huteleza. Vyakula vifungiwe ndani. Nyani wakizoea kulishwa huwa wakali.

Wakati wa ukame, njiti moja inaweza kuteketeza nyasi za mlima wote. Usiwashe moto nje ya mahali palipotengwa. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi mbugani. Beba maji kwenye chupa za kudumu na urudi na taka zako. Mito ya Aberdare huingia Tana, Athi na Ewaso Ng'iro, na Nairobi hupata maji yake mengi kutoka milima hii. Uchafu unaoachwa juu huishia kwenye mfereji wa mtu huku chini.

Kabla ya kufunga mlango wa nyumbani

Hakikisha una risiti ya eCitizen, vitambulisho, tochi na betri, dawa za kawaida na za wagonjwa, chakula cha siku moja ya ziada, jembe na kamba ya kuvutia gari. Piga simu kwa ofisi za mbuga zilizoko Mweiga kuuliza hali ya barabara. Ukiambiwa imefungwa, ahirisha safari. Mlima hauhami.