Manyunyu Yanavyounguza Vikombe vya Umeme

Umewahi kupita karibu na nguzo ya umeme usiku wa manyunyu ukasikia sauti kama ya mafuta kikaangoni? Pengine uliona na vicheche. Huo si uchawi.

Juu ya nguzo kuna vikombe. Kazi yao ni kushika waya na kuzuia umeme usiingie kwenye nguzo. Viko vya kaure, viko vya kioo, na siku hizi viko vingi vya mpira au plastiki.

Kiangazi chote vumbi na moshi hukaa juu ya vikombe hivyo. Huko pwani hukaa chumvi ya bahari. Vumbi likiwa kavu halina neno. Mvua kubwa nayo inaosha. Kibaya ni umande na manyunyu ya kwanza, maana yanalowesha uchafu bila kuuondoa. Uchafu uliolowa hupitisha umeme. Basi umeme huanza kutambaa juu juu, na unapotambaa unaleta joto. Joto linakausha sehemu nyembamba. Umeme ukifika pale pakavu unakosa njia, basi unaruka. Kule kuruka ndiko kunakotoa cheche na ile sauti.

Kila cheche huunguza kidogo. Kaure haigeuki makaa. Lakini plastiki nyingi zikiungua huwa makaa, na makaa hupitisha umeme! Kwanza ni kijistari cheusi kama ukucha. Miezi inapita, kinatoa matawi kama mizizi, mpaka kinaunganisha waya na chuma cha nguzoni. Hapo umeme unakatika, au nguzo ya mti inashika moto.

Mpira wa silikoni ni afadhali. Maji hayatandai juu yake, yanakuwa matone tu, kama kwenye jani la magimbi. Kiwandani hupimwa kwa saa 6, maji ya chumvichumvi yakitiririka juu yake huku umewekewa umeme wa volti elfu kadhaa.

Ukisikia nguzo inalia hivyo, kaa mbali, ondoa watoto, kisha wapashe habari watu wa umeme.

Na nyumbani je? Soketi yenye vumbi, ukutani panapovuja, hupatwa na ugonjwa huohuo kwa volti 230 tu. Ukiona mstari mweusi kati ya matundu yake, usiukwangue kwa kisu ukadhani imepona. Zima swichi kubwa, mwite fundi aweke soketi mpya.