Sukari na Chumvi Zirudishapo Maji Mwilini

Yeyote anayetengeneza achari nyumbani kwake Kibokoni au Kuze analijua jambo hili. Ukikata ndimu, ukazitia chumvi na kuziacha, kesho yake utakuta maji chupani ingawa hukutia hata tone. Maji hayo yametoka ndani ya ndimu zenyewe. Chumvi imeyavuta.

Jambo hilo hilo hutokea mwilini mwako, msomaji, na ndilo huweza kuamua kama mtoto anayeharisha atapona au atakufa.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno ziitwazo seli. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wenye asili ya mafuta. Hewa ya oksijeni huupenya bila taabu. Maji nayo hupita, yakielekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Lakini chumvi na sukari zenyewe haziwezi kupenya mafuta hayo. Ni lazima zipitie milango maalumu ya protini.

Mtu anapopata kipindupindu, sumu ya viini vya ugonjwa huo hulazimisha milango ya chumvi katika seli za utumbo ibaki wazi. Chumvi humiminika ndani ya utumbo na maji huifuata. Mgonjwa mzima aweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Hivyo ndivyo maelfu walivyokufa Unguja mwaka wa 1869 na 1870, kama alivyoeleza Daktari James Christie katika kitabu chake cha 1876.

Je, kuna njia ya kurudisha maji hayo? Ipo. Mwaka wa 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza kwamba utumbo una mlango mwingine, unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Sumu ya kipindupindu haiuharibu mlango huu. Sukari na chumvi zikiingia, maji huzifuata. Mwaka wa 1971 Daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko huo wakimbizi huko Bangaon, India. Vifo vilipungua kutoka karibu wagonjwa 30 katika kila 100 hadi chini ya wanne.

Ukiwa na paketi ya dawa hiyo (ORS), soma kwanza ni ya nusu lita au lita nzima. Ukiikosa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usiongeze kitu. Sukari ikizidi, kama ilivyo katika soda, huvuta maji kutoka mwilini na kuzidisha kuhara. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto.

Hapa wakazi wa Mji wa Kale wanapaswa kuwa waangalifu. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi kwa sababu ya bahari, na mwamba wa matumbawe hupitisha kwa urahisi uchafu wa vyoo vya shimo. Kuchemsha huua viini lakini hakuondoi chumvi. Kwa hiyo usichanganyie dawa hii maji ya kisima chenye chumvi. Tumia maji matamu yaliyochemshwa yakapoa, na yakibaki baada ya saa 24 yamwage.

Wako wazazi wanaomnyima mtoto kinywaji wakidhani tumbo litafunga. Wanakosea. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mwulize pia mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya zinki.

Ukiona macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, mtoto amelegea au hawezi kunywa, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali mara moja, na njiani uendelee kumnywesha ikiwa anaweza kumeza.