Mgodi Hujenga Mara Moja, Barabara Hula Kila Mwaka

Katika mji mdogo wa Segese, halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, ambako mashamba ya mpunga yamepakana na mashimo ya dhahabu, hakuna riziki isiyopita barabarani: gunia la mchele liendalo soko la Kahama, mama mjamzito anayekimbizwa hospitali juu ya bodaboda, na Fuso lililosheheni marudio, yaani mchanga wa dhahabu uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza, kutoka mwaloni unakooshwa kwenda kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu, wote hutegemea njia ile ile. Kiangazi magurudumu huisaga changarawe mpaka ikawa vumbi jekundu linalotua juu ya mapaa, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya sufuria za mama lishe. Na mvua zikianza, pale njia inapokata mbuga ya udongo mweusi, ardhi hufura na kunata, lori huzama hadi ekseli, na utingo hushuka na jembe kuyachimbua matairi huku foleni ikirefuka nyuma yake.

Kwa hiyo furaha ya watu wa upande huu ni halali kabisa waonapo barabara ya Kahama hadi Kakola, kilomita 73, ikiingia katika hesabu ya barabara za lami, kwa dola za Marekani milioni 40 ambazo kampuni ya Barrick, mshirika wa serikali katika Twiga Minerals, iliahidi kuzitoa kwa ajili yake. Lakini mwenye kutazama mbali hana budi kukumbuka kwamba mgodi hujenga mara moja, ilhali barabara hula kila mwaka. Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009, na mwaka 2021 ukafunga shughuli zake. Bulyanhulu nao, unaochimbwa tangu mwaka 2001, una siku yake ya mwisho, na siku hiyo itakapofika lami itakuwa ingalipo, inadai matunzo kwa watu watakaobaki.

Na lami huzeeka. Jua huikausha ikapoteza unyumbufu wake, ikapasuka nyufa nyembamba ambazo dereva hazioni. Maji hupenya katika nyufa hizo mpaka tabaka la chini, hasa pale mtaro ulipozibwa na mchanga au kalavati lilipojaa majani. Kisha lori zito hupita juu ya msingi uliolowa, na ufa wa jana huwa shimo la leo. Kuzibua mtaro na kuziba ufa kwahitaji vibarua na mapipa machache ya lami, bali kuufumua msingi na kuujenga upya kwahitaji mkandarasi, mitambo na mkopo. Benki ya Dunia, katika uchunguzi wake wa mwaka 1988 juu ya nchi 85 zinazoendelea, ilikadiria kwamba barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimepotea kwa kukosa matunzo, hasara ambayo ingaliweza kuepukwa kwa matengenezo ya dola bilioni 12 yaliyofanywa kwa wakati wake.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoonja taksiri hiyo, na kutokana na machungu ya miaka ile Bunge lilipitisha azimio la kuanzisha Mfuko wa Barabara mwaka 1991. Mwaka 1998 sheria ya tozo za barabara ikarekebishwa ili mfuko uwe na bodi ya kuusimamia, na mwaka 2000 bodi ikaanza kazi, mwaka ule ule ulipoundwa Wakala wa Barabara, TANROADS. Wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, ulifuata mwaka 2017, na mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli ikaongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizo ndogo, ambazo ndizo mkulima huzikanyaga kwanza.

Wazee wa pwani walikuwa na tadbiri moja ambayo yafaa tuikumbuke hapa: mtu akijenga msikiti au akichimba kisima, aliweka wakfu shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, ili mapato yake yalitunze jengo lile baada ya mwenyewe kufariki, na msimamizi hakuwa na ruhusa kuyatumia kwa jambo jingine lolote, hata liwe zuri namna gani. Mfuko wa Barabara ni wakfu wa raia wote, na sheria yenyewe imeamuru kwamba asilimia 90 ya fedha zake, kwa uchache, itumike katika matengenezo. Amri hiyo yapasa ilindwe kwa wivu, madhali matengenezo hayakatiwi utepe, na kiongozi yeyote huvutwa zaidi na barabara mpya kuliko mtaro uliozibuliwa. Nchini Kenya ushuru wa matengenezo ya barabara, unaotozwa kwenye mafuta, ulipandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, kisha zile shilingi 7 za nyongeza zikawekwa rehani ili wakandarasi walipwe madeni yao ya nyuma. Deni ni haki kulipwa, lakini fedha iliyokwisha kuwekwa rehani haitaziba shimo la mwakani.

Liko pia suala la insafu. Hapa Tanzania, mwaka 2017 leseni ya kila mwaka ya magari ilifutwa, na badala yake ushuru wa bidhaa juu ya mafuta ukaongezwa, hata mzigo ukaegemea zaidi juu ya lita. Nayo lita haiulizwi imechomwa wapi: mchimbaji mdogo anayevuta maji shimoni kwa pampu, na mkulima wa mpunga anayemwagilia majaruba kwa mashine, hulipia barabara kwa mafuta ambayo hayakuigusa barabara kamwe. Kwa upande wa pili, majaribio makubwa yaliyofanywa Ottawa, jimboni Illinois, Marekani, kati ya miaka 1958 na 1960, yalidhihirisha kwamba madhara ya ekseli hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wake, yaani ekseli iliyobebeshwa tani 13 mahali pa tani 10 huidhuru njia karibu mara tatu, ilhali haiongezi mafuta kwa kadiri hiyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima. Lakini Fuso la marudio, ambalo safari yake huanza mwaloni na kwisha kwenye mtambo wa kijiji cha pili, aghalabu halikutani na mizani yoyote.

Basi yapo ya kufanywa. Halmashauri hupokea kwa migodi ushuru wa huduma, unaokatwa katika mauzo. Sehemu maalumu ya ushuru huo na itengwe kwa sheria ndogo kuwa ya matunzo ya barabara za Msalala, kabla dhahabu haijakwisha. Mizani ya kuhamishika na ifike kwenye njia za marudio. Vikundi vya vijana na akina mama wa Segese na vipewe mikataba ya kufyeka majani na kuzibua mitaro mwaka mzima, maana ajira hiyo hukaa kijijini. Na hesabu ya kila shilingi iliyotumika ibandikwe katika ofisi ya kata, kwa sababu raia anayelipa kila anunuapo lita moja ana haki ya kumwuliza msimamizi wa wakfu wake, na msimamizi amewajibika kumjibu.